Rey wa Star Wars: Uwezo Umezidi, au Malipo Yamepungua? Tathmini ya Filamu Tatu

Tangu Desemba 2015 swali hili halijatulia miongoni mwa wapenzi wa Star Wars: Rey, msichana anayeokota vyuma chakavu kwenye jangwa la Jakku, amepewa uwezo kupita kiasi? Anarusha chombo asichowahi kukirusha, anamshinda Kylo Ren, adui yake mkuu, kwa upanga wa mwanga siku ya kwanza kuushika vitani, anainua mwamba mzima, anaponya majeraha kwa kiganja, na mwishoni anammaliza Palpatine, mtawala mwovu wa filamu za zamani. Ukiyataja mfululizo hivyo, yanatisha. Tathmini hii inayapitia moja moja katika The Force Awakens (2015), The Last Jedi (2017) na The Rise of Skywalker (2019). Miisho yote imefichuliwa humu, kwa hiyo asiyezitazama na azitazame kwanza.

Hukumu yetu ni hii: uwezo wa Rey haujazidi. Kilichoharibika ni malipo. Filamu mbili za mwanzo zinamtoza kwa karibu kila anachokipata, ingawa mara nyingine zinatoza kimyakimya mno mpaka mtazamaji hasikii. Ya tatu inamrudishia karibu kila alichotozwa. Mtu akitoka hapo anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, na kwa kuwa uwezo ndio unaoonekana kwa macho, lawama zinauangukia uwezo.

Jina la kejeli analobandikwa ni Mary Sue. Lilitoka kwenye kihadithi cha dhihaka alichokiandika Paula Smith mwaka 1973 kuwatania mashabiki wa Star Trek waliokuwa wakijitungia visa: luteni wa miaka 15 na nusu anayejua kila kazi na kupendwa na kila mtu. Jina hilo linatosha kumuumiza mhusika, halitoshi kumpima. Kumpima, chukua kila tendo lake na uliulize mambo manne. Je, ujuzi huo ulipandwa mapema kabla haujahitajika? Mpinzani alikuwa katika hali gani? Tendo lilimgharimu nini? Na je, alipata alichokitaka? Kwa maswali hayo matukio hayalingani hata kidogo. Mengine yanasimama imara, moja halisimami kabisa.

Urubani na ufundi: lalamiko linaloanguka upesi

Dakika zake za kwanza hazina maneno. Yumo ndani ya manowari iliyoanguka zamani, ananing'inia kwenye kamba, anachomoa vipuri. Anateleza juu ya bati kwenye mchanga, anakwenda kituo cha Niima, anavisugua vipuri, anampelekea mnunuzi, Unkar Plutt, dirishani, na malipo ni robo ya posho ya chakula. Makazi yake ni ndani ya mashine ya kivita ya miguu minne iliyolala ubavu. Ukutani amechora mikwaruzo ya kuhesabia siku, inajaza ukuta. Jioni anakula nje akiwa amevaa helmeti kuukuu ya rubani wa Uasi. Kila picha hapo ni maelezo ya kazi: mtu ambaye tangu utotoni anakula kutegemea kama anajua kipuri gani kinatoka wapi na kina thamani gani. Ukipata nakala iliyosimuliwa na DJ, sehemu hii ndiyo inayopotea, kwa sababu msimuliaji hawezi kuacha dakika kadhaa bila kusema. Kwa filamu hii tafuta nakala ya sauti ya asili, hata kama utalazimika kusoma maandishi ya chini.

Kisha anaiba Millennium Falcon, chombo cha angani kilichokuwa cha Han Solo, shujaa wa filamu za zamani. Watu hukumbuka mikunjo ya angani na kusahau namna alivyoondoka: anaiburuza ardhini, anaibamiza kwenye lango la Niima, anapanda kwa kuyumba. Wakishaponea, anamwambia Finn, askari aliyelitoroka jeshi la adui, kwamba amewahi kurusha vyombo ila hajawahi kutoka kwenye sayari. Sentensi moja hiyo ndiyo leseni yake, na tatizo ni kwamba imesemwa haraka, wote wawili wakishangilia kwa pamoja. Njia anayoichagua nayo ina sababu. Anaingia ndani ya mabaki ya manowari kwa sababu humo ndimo anamofanyia kazi, anajua matundu yake. Bunduki ya Finn imekwama ikitazama mbele, kwa hiyo anazima injini, anakipindua chombo ili mtutu uelekee kwa adui, na Finn anafyatua. Adui wa mwisho anaangushwa na watu wawili, na mmoja wao si rubani.

Ufundi ndio eneo alilotendewa haki zaidi. Han Solo anapogundua kwamba kuna kompresa imefungwa kwenye mfumo wa kuwashia, Rey anajua ni Plutt aliyeifunga, na anajua ilikuwa makosa kwa sababu inaielemea injini ya mwendo wa kasi. Baadaye anaipita kompresa hiyo na chombo kinaondoka. Maana yake ni kwamba chombo hiki, ingawa anakiita takataka, alikuwa anakifahamu. Kuna pia kitabu cha vijana kinachoeleza kwamba alijifunza urubani kwa mashine ya mazoezi aliyoiokoa kwenye mabaki ya chombo. Maelezo hayo hatuyahesabu. Filamu lazima isimame kwa miguu yake, na kwa upande wa urubani imesimama.

Halafu kuna kosa ambalo wapinzani wake hawalitaji. Ndani ya meli ya mizigo ya Han, Rey anataka kufunga milango iwanase magenge mawili yanayomdai Han. Anachomoa fyuzi zisizo sahihi, na badala ya kufunga milango anawafungulia rathtar, majitu yenye mikono mingi yanayokula watu. Watu wanakufa, Finn anaburutwa. Rey anamwokoa kwa kuufunga mlango kwa wakati, lakini balaa lenyewe ni la mikono yake, katika fani anayoijua kuliko nyingine yoyote. Anayejua kila kitu hakosei fyuzi.

Lugha za droidi (roboti) na za Wookiee, kabila la Chewbacca, rafiki wa Han mwenye manyoya, anazozielewa ni jambo dogo. Amekulia kituo cha biashara kinachopitiwa na kila aina ya kiumbe, na watoto wa vituo vya namna hiyo huongea lugha nne bila mwalimu.

Hila ya akili: hapa wapinzani wana haki

Akiwa amefungwa kwenye kiti cha mahojiano, Rey anamwamuru askari wa deraya nyeupe amfungue na kuacha mlango wazi. Mara ya kwanza askari anashangaa. Mara ya pili anatishia kukaza pingu. Mara ya tatu anatii, anafungua, na hata silaha anaiacha. Majaribio matatu yanaonyesha kwamba haikuja kwa urahisi, na uigizaji wa Daisy Ridley, kupumua kwake kabla ya jaribio la tatu, ni mzuri sana. Bado swali la msingi halijibiwi: alijuaje kwamba jambo hilo linawezekana?

Mlinganishe na Luke Skywalker, shujaa wa filamu za kwanza. Mwaka 1977 Luke anamwona mwalimu wake, Obi-Wan, akiwageuza akili askari barabarani, anauliza, anaelezwa. Yeye mwenyewe tunamwona akiitumia hila hiyo mwaka 1983, miaka minne baadaye kwa kalenda ya hadithi. Mbegu na mavuno vyote viko mbele ya mtazamaji. Rey alidhani Luke Skywalker ni ngano tu. Hakuna tukio la awali ambamo mtu anamsimulia hila hiyo, wala haionyeshwi na Kylo Ren mbele yake.

Kuna utetezi mmoja wa ndani ya filamu. Dakika chache kabla, Kylo ameingia akilini mwake kwa nguvu. Rey amekaza, kisha amepenya upande wa pili na kusoma hofu ya Kylo kwamba hatamfikia babu yake, Darth Vader. Kwa hiyo ameshajua kwamba akili ina mlango na mlango unasukumika. Kutoka hapo hadi kumwamuru askari ni hatua moja. Utetezi huu unakubalika, lakini filamu inamwachia mtazamaji aujenge mwenyewe. Mstari mmoja wa Han kule kwenye Falcon, anapowaambia vijana kwamba habari za Jedi, wapiganaji wa kale wa upanga wa mwanga, ni za kweli zote, ungetosha: angetaja tu jinsi mzee mmoja alivyowapitisha askari kwa maneno. J.J. Abrams na Lawrence Kasdan walikuwa na nafasi hiyo mkononi. Kwa kipimo chetu, hili ndilo tendo la Rey lisilolipiwa katika filamu ya kwanza.

Pambano la theluji

Pambano dhidi ya Kylo Ren linalaumiwa kuliko jingine lolote, na linastahili kutazamwa taratibu, ikiwezekana kwa kusimamisha picha.

Kwanza, silaha ya Chewbacca. Mapema filamu inatuonyesha Han akiiazima na kustaajabu jinsi inavyowarusha askari mbali. Filamu inatufundisha uzito wa risasi hiyo. Kisha Kylo anaipokea ubavuni, muda mfupi baada ya kumuua baba yake, Han, na haimuui. Damu inadondoka kwenye theluji, naye anaupiga ngumi ubavu wake mwenyewe. Pili, kabla ya Rey amepigana na Finn, na Finn amemjeruhi begani. Tatu, Kylo hataki kumuua Rey. Anamsukuma nyuma kati ya miti hadi ukingo wa bonde, na akiwa amembana hapo anamwambia kwamba yeye, Rey, anahitaji mwalimu. Nne, mafunzo yake hayajaisha: Snoke, bwana wake, mwenyewe anaamuru aletwe akamalizie.

Upande wa pili wa mizani kuna mtu aliyezoea kupigana kwa fimbo ndefu, tuliyemwona akiwapiga majambazi wawili sokoni. Na tazama anavyopigana: anachoma, anasukuma, anarudi nyuma. Kwa sehemu kubwa anashindwa. Mgeuko unakuja anapofumba macho na kuiruhusu ile Nguvu, nishati isiyoonekana inayowapa Jedi uwezo, ipite ndani yake, jambo ambalo mfululizo huu umelitumia tangu 1977, Luke alipozima kompyuta ya kulengea na kuharibu Death Star, kituo cha silaha cha adui.

Hapo pana ulinganisho ambao haufanywi vya kutosha. Katika filamu yake ya kwanza Luke ndiye anayeiangamiza Death Star kwa mkono wake. Mwaka 1999, Anakin, baba yake Luke, akiwa na miaka 9 ndiye anayelipua meli inayoongoza droidi wote wa adui. Kituo cha adui cha Starkiller cha 2015 kinaangamizwa na rubani Poe Dameron kutoka angani, baada ya Han na Chewbacca kutega mabomu. Rey hahusiki na ule mlipuko mkuu. Anayesema msichana huyu amepewa kila kitu aihesabu filamu ile upya.

Haki nyingine ya wapinzani tuitaje bila kuificha. Luke katika filamu ya kwanza anaokolewa mara kwa mara: jangwani, kilabuni, kwenye shimo la taka, na mwisho na Han anapomwondolea Vader mgongoni. Rey anakamatwa msituni Takodana kama mtu wa kawaida kabisa. Alifyatua bastola akasahau kifungio cha usalama, na Kylo akamgandisha kwa ishara ya mkono. Lakini Han, Finn na Chewbacca wanapofika kumwokoa, wanamkuta tayari yuko nje ya chumba, anapanda ukuta. Ni tukio la kupendeza, na linamnyima mtazamaji ile hofu ya kuona shujaa akimhitaji mwenzake. Ingetosha kumwacha akwame kwenye mlango mmoja ambao ni Finn tu, aliyekuwa askari wa humo, anaujua.

Filamu ya 2017: mizani inakaa sawa

Rian Johnson aliandika na kuongoza ya pili peke yake, na yeye ndiye aliyelielewa tatizo vizuri kuliko wote. Alimwongezea Rey uwezo na wakati huohuo akamnyima kila alichokusudia.

Hesabu makusudio yake. Alikwenda kisiwa cha Ahch-To, alikojificha Luke, kumrudisha. Anaondoka bila Luke. Aliingia kwenye pango la giza kutafuta wazazi. Anaona msururu wa nafsi yake mwenyewe na mwisho ukutani anaonekana yeye tu. Alijipeleka kwa Snoke akiamini Ben Solo, ndilo jina la kuzaliwa la Kylo, atageuka. Ben anageuka kwa dakika chache, anamuua bwana wake, kisha anachukua kiti. Snoke anamchezea Rey kama mtoto: anamburuza hewani, anautumia upanga kumpiga kichwani, anachimba akilini mwake mpaka anaipata siri ya alipo Luke. Hata ule uhusiano wa akili kati yake na Kylo, Snoke anasema yeye ndiye aliyeujenga. Na anayemuua Snoke si Rey.

Pambano la chumba cha enzi, dhidi ya walinzi wanane wekundu, linamlipisha kwa mwili pia. Mkono unachanwa, anakabwa, anaachia upanga na kuudaka kwa mkono mwingine. Wachunguzi wa picha wamegundua kwamba kisu cha mlinzi mmoja aliyembana kinatoweka katikati ya tukio, na ni kweli. Kingebaki, kingemwingia mgongoni. Hilo ni kosa la upangaji wa mapigano, halihusiani na uandishi wa mhusika.

Watu husema alipewa mafunzo kidogo mno kisiwani. Ni kidogo, kweli. Luke anaahidi masomo matatu na filamu inatoa mawili. Lakini angalia somo la kwanza. Rey anaieleza Nguvu kama uwezo wa kuwaamrisha watu na kuelea vitu. Luke anamkatalia: haihusu kunyanyua mawe. Kisha akiwa amekaa juu ya mwamba anakwenda moja kwa moja kwenye giza, bila kusita, na Luke anaogopa. Filamu ya pili inauchukulia uwezo wenyewe kama hatari. Mwishoni, kwenye sayari ya Crait, watu wamekwama nyuma ya maporomoko, na Rey ananyanyua mawe. Tendo lilelile alilolidharau mwalimu sasa linaokoa waliobaki wa Upinzani, jeshi la upande wa Rey. Ni tendo kubwa kuliko yote aliyofanya hadi hapo, na hakuna aliyelipinga kwa nguvu, kwa sababu lilikwisha kulipiwa katika saa mbili zilizotangulia.

Kisha wazazi. Kylo anamwambia, na Rey mwenyewe anakiri, kwamba hawakuwa watu wowote, walimuuza wapate pesa ya ulevi. Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote aliyopewa mhusika huyu: mtu aliyejaza ukuta kwa mikwaruzo ya kungoja anaambiwa hakuna wa kungojwa. Na kwa mjadala wa uwezo, lilikuwa jibu bora. Nguvu inaweza kumshukia yeyote, hata mtoto wa walevi wa Jakku.

Filamu ya 2019: kila kilicholipwa kinarudishwa

Hapa ndipo tunapokasirika. Filamu inaanza vizuri: Rey anajaribu kuzisikia sauti za Jedi waliotangulia na hasikii kitu, anakimbia njia ya mazoezi, anachanganyikiwa, mti unaangukia droidi wake, BB-8. Baada ya hapo uwezo unapandishwa mara tatu. Anaponya joka lililojeruhiwa chini ya mchanga wa Pasaana kwa kumgawia uhai wake. Anaruka juu ya chombo cha Kylo kinachomjia kwa kasi na kukikata bawa hewani. Anatoa radi vidoleni.

Radi hiyo ingekuwa tukio bora la filamu nzima. Rey na Kylo wanavutana chombo cha usafiri angani kwa mikono mitupu, hasira inampanda, radi inamtoka bila yeye kutaka, chombo kinalipuka, na Chewbacca yumo ndani. Amemuua rafiki kwa uwezo asioumudu. Hayo ndiyo malipo kamili. Dakika chache baadaye tunaonyeshwa Chewbacca yu hai. Kulikuwa na chombo kingine. Kuanzia hapo utaratibu ni uleule. Droidi C-3PO anafutiwa kumbukumbu ili asome maandishi ya kale kwenye kisu, anawaaga rafiki zake, kisha droidi mwenzake, R2-D2, anazirudisha. Kylo anachomwa upanga tumboni, na Rey anamponya palepale. Rey anakufa Exegol, makao ya Palpatine, na Ben anampa uhai wake. Watazamaji wa Kiswahili tangu zamani tunajua steringi hafi, na hatulalamiki kwa hilo. Lakini katika filamu nzuri steringi hubaki na kovu, na rafiki yake hubaki kaburini. Luke alipoteza mkono mwaka 1980 na hakurudishiwa ule wa nyama.

Aliyelipa kwa kweli ni Ben Solo, na ndiyo maana mwisho wake unagusa kuliko wa Rey.

Ukoo ndio pigo la pili. Jibu la 2017 linafutwa: Rey sasa ni mjukuu wa Palpatine. Waandishi, Abrams na Chris Terrio, pengine waliona wanawajibu waliouliza uwezo umetoka wapi. Kwa kweli wamewapa wapinzani hoja mpya, kwa sababu sasa uwezo ni urithi, na kila alichokitolea jasho Jakku kinapungua thamani. Damu ikishaeleza yote, robo ya posho haielezi kitu.

Makosa haya yana sababu za kiwandani. Disney iliinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 4.05 na utatu ukaanza kutengenezwa bila mkono mmoja wa kuuongoza toka mwanzo hadi mwisho. Abrams alifungua, Johnson akaendeleza kwa njia yake, Colin Trevorrow aliyepangiwa ya tatu akaondoka Septemba 2017, Abrams akaitwa tena. Kubwa zaidi, Carrie Fisher, aliyemwigiza Leia, mama yake Ben, alifariki Desemba 2016. Katika hadithi, Leia ndiye mwalimu wa Rey katika filamu ya tatu. Kilichokuwepo ni mabaki ya picha zilizopigwa zamani, kwa hiyo mazungumzo yao yamejengwa kuzunguka sentensi fupi ambazo Leia alikuwa amezisema katika muktadha mwingine. Mafunzo ambayo yangelipia uwezo wa filamu hii hayakuweza kupigwa picha. Hilo halikuwa kosa la mtu, lakini pengo lipo na linaonekana.

Na kuna suala la muda, ambalo ndilo hoja ngumu kuliko zote dhidi ya Rey na ambalo hatuna jibu lake. Filamu ya pili inaanza pale ya kwanza inapoishia. Ya tatu inakuja mwaka mmoja baadaye. Kutoka kuokota vyuma hadi kumshinda Palpatine ni mwaka na siku chache. Luke alichukua miaka minne kutoka shambani hadi mbele ya kiti cha enzi cha Palpatine, na hata hapo Palpatine alimwangusha kwa radi na akaokolewa na baba yake. Kama filamu ya pili ingeruka miaka miwili, nusu ya mjadala huu usingekuwepo. Johnson alijifunga mwenyewe, au alifungwa, na ile picha ya mwisho ya 2015 ambapo Rey anamnyooshea Luke upanga.

Hata hivyo, tukio moja la 2019 litazameni upya: pambano la Kef Bir, juu ya mabaki ya Death Star, mawimbi yakiwapiga. Kylo mzima wa mwili anampiga Rey waziwazi. Anamchosha, anamwangusha, na angemmaliza kama mama yake, Leia, asingemwita. Rey anamchoma wakati ameshusha mkono. Ni jibu la moja kwa moja kwa lile swali la theluji: wakiwa sawa kiafya, Kylo ni bora. Tukio hilo pia ndilo pekee ambamo Rey anajionea aibu kwa alichofanya, na uponyaji anaoufanya hapo una maana kuliko ule wa joka.

Maz, na deni moja la zamani

Upanga wenyewe, uliokuwa wa Luke, unamfikia Rey kupitia Maz Kanata, anayechezwa na Lupita Nyong'o wetu kwa njia ya kunasa miondoko. Sauti yake ni moja ya vitu bora vya filamu ya kwanza, tulivu na yenye umri wa karne nyingi. Lakini Maz anapoulizwa aliupata wapi upanga ulioangukia kuzimu mwaka 1980, anasema hiyo ni hadithi ya siku nyingine, na siku hiyo haikufika katika utatu wote. Kwa mhusika ambaye lawama yake ni kupewa vitu bure, kuuacha upanga uje bila asili ilikuwa uzembe. Wasikilizaji wa Kenya wana sababu nyingine ya kutega sikio: Nien Nunb, yule rubani msaidizi wa Falcon mwaka 1983 anayerudi katika filamu hizi mpya, sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya, na baadhi ya maneno aliyoyasema mwaka ule ni Kikuyu.

Namna ya kuzitazama ukitaka kuamua mwenyewe

Anza na ile ya 1977 na ya 1980, la sivyo huna cha kulinganisha. Kisha ya 2015 bila haraka, ukiwa makini na nusu saa ya Jakku, tukio la fyuzi, na kila mara silaha ya Chewbacca inapofyatuliwa. Ya 2017 ifuatie usiku uleule au kesho yake, kwa kuwa hadithi haikatiki kati yake. Ina dakika 152, jipange. Ukiishia hapo umepata hadithi kamili ya Rey yenye uwezo na gharama zake, na tunaipa nyota 4 kati ya 5, moja tukiikata kwa hila ya akili na kwa muda uliobanwa. Ya 2019 tunaipa 2. Mwenye watoto nyumbani atawafurahisha nayo, ina kasi na rangi, na Ridley hajawahi kuigiza vizuri kuliko pale Kef Bir. Ila ukiitazama, weka karatasi pembeni na uandike kila anayekufa au kupoteza kitu, halafu piga mstari kwa kila anayerudishiwa. Watakaobaki bila mstari ni Leia, Ben na wachache wengine.